Padre wa Kitabuni na Padre wa Fizi

Tarehe 18 Agosti 2024 Kardinali Fridolin Ambongo alitangaza hapa Uvira, kwa jina la Baba Mtakatifu, kwamba wale wanne waliouawa Baraka na Fizi ni Wenye Heri. Tangu siku hiyo watu wengi wa parokia zetu wamekuwa wakitafuta maandishi juu yao, na hilo ni jambo jema. Lakini baadhi ya vijana wasomao Kifaransa wanatuletea pia kitabu kingine, wakiuliza kwa sauti ya chini kama Mkristu ana ruhusa kukisoma. Kitabu hicho chaitwa Entre les eaux, maana yake Kati ya Maji, nacho chasimulia habari za padre Mkongomani aliyeiacha parokia yake akaenda msituni kwa waasi. Wazee wengine wamekwisha kukihukumu kabla ya kukifungua. Sisi tumekisoma tangu mwanzo hata mwisho, na twataka kusema waziwazi kizuri chake na kibaya chake. Twataka pia kukiweka karibu na habari za padre mwingine, aliyekuwa Fizi siku zile za maasi, ambaye hakuandikwa na mtunga hadithi.

Kwanza tumjue mtungaji. Valentin Mudimbe alizaliwa mwaka 1941 mjini Jadotville, ambao leo waitwa Likasi, katika Katanga. Alilelewa na watawa Wabenedikto, akasoma seminari, akaingia utawa katika monasteri ya Gihindamuyaga kule Rwanda. Alipokuwa kijana bado akautoka utawa huo, akashika njia ya elimu. Alisoma Lovanium, kisha Ubelgiji, akafundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Baadaye akaiacha nchi wakati wa utawala wa Mobutu, akawa mwalimu mwenye sifa kubwa Marekani. Alifariki mwezi wa Aprili 2025. Mwaka 1972, serikali ilipokataza majina ya Kikristu, yeye naye aliliacha jina la Valentin, akajulikana kwa majina ya Vumbi Yoka. Mwaka uliofuata, 1973, kitabu hiki kilipigwa chapa Paris na Présence Africaine. Mwaka 1975 kikapewa Ufaransa ile tuzo kubwa ya Kikatoliki ya fasihi. Basi wale wasemao kwamba ni kitabu cha adui wa dini wajue kwamba Wakatoliki wenye kusoma walikipa heshima zaidi ya miaka hamsini iliyopita.

Hadithi yenyewe ni hii. Pierre Landu ni padre mwenye akili nyingi. Amesoma Roma, anajua teolojia na sheria za Kanisa, anapenda Kilatini na muziki wa Ulaya. Anarudi kwao, anawekwa parokiani chini ya mkubwa wake Padre Howard, na hapo moyo unaanza kumsumbua. Anawaona maskini wakionewa, tena anaona Kanisa limekaa karibu mno na wenye nguvu. Anajiuliza kama Injili anayoihubiri yafanana na maisha anayoishi. Mwisho anaondoka na kujiunga na waasi wafuatao mafundisho ya Marx, akitumaini kuushika ukweli kwa mikono miwili, ule wa Kristu na ule wa haki ya maskini. Lakini msituni hawamwamini. Kwao yeye ni padre tu. Barua aliyowaandikia wakubwa wa Kanisa inahesabiwa kuwa usaliti, anahukumiwa kufa, na anapona kwa sababu tu jeshi la serikali linaishambulia kambi. Baadaye anajaribu maisha ya watu wa kawaida, anaoa, na ndoa hiyo haimpi raha. Mwisho wa safari twamkuta katika monasteri, amepewa jina jipya la utawa, na maswali yake yale yale amekwenda nayo.

Sasa tuseme uzuri wake, kwa maana upo, na ni mkubwa.

Mudimbe hakusema uwongo juu ya uchungu wa kumtafuta Mungu. Watu wengi hudhani kwamba mwenye kuutafuta ukweli ni kama msafiri anayepanda kutoka bonde la Ruzizi kwenda Mulenge: njia ni ya kuchosha, lakini kila hatua inamwinua, hewa inazidi kuwa baridi na safi, na akigeuka nyuma anaona ziwa lote limetandazwa chini yake. Kitabu hiki chasema kwamba mara nyingi si hivyo. Yuko mtafutaji ambaye kila hatua inamnyang'anya kitu. Landu anapoteza marafiki wa zamani, wala hapati wapya. Wa kwanza wanamwita mwasi na wa pili wanamwita mpelelezi. Anapoteza hakika aliyokuwa nayo juu ya nafsi yake mwenyewe, kwa maana hajui tena kama aliondoka kwa ajili ya maskini au kwa ajili ya kiburi chake. Hiyo ya mwisho ndiyo shida kubwa kuliko zote, na waandishi wachache wameieleza vizuri hivyo. Mtu aweza kustahimili kutukanwa na wengine. Ni vigumu zaidi kukaa usiku na swali ambalo yeye mwenyewe hawezi kulijibu: je, mimi ni mtafuta Mungu, au ni mtu anayejipenda tu?

Jambo la pili ni lugha. Padre huyu amefundishwa kusali, kufikiri na kujihukumu kwa maneno ya watu wengine. Hata akiwa peke yake msituni, roho yake inazungumza Kifaransa na Kilatini. Mudimbe aliyajua hayo, maana yeye mwenyewe alipita njia hiyo, na kitabu chaonyesha bila makelele jinsi mtu awezavyo kuwa mgeni katika nyumba ya moyo wake. Sisi tufundishao katekisimu katika Kiswahili, kwa watu ambao nyumbani wanasema Kifuliiru, Kivira, Kibembe au Kinyamulenge, twalitambua jambo hili mara moja. Mzee aweza kuyajibu maswali yote ya katekisimu pasipo kukosa hata moja, lakini siku ya msiba akamlilia Mungu kwa maneno ya mama yake, na maneno hayo hakuna mtu aliyemfundisha kuyaleta kanisani. Huo si upungufu wa imani. Ni kazi ambayo bado haijaisha.

Lakini tusiishie kwenye sifa. Kitabu hiki kina upungufu wake, na si ule unaosemwa na wale wasiokisoma. Hao wanasema kwamba kinawaaibisha mapadre. Sisi hatuoni hivyo. Padre anayeteswa na dhamiri yake hawaaibishi mapadre. Angewaaibisha kama asingekuwa na dhamiri kabisa.

Upungufu tunaouona ni huu: katika kitabu chote hakuna mtu anayetafuta pamoja na Landu. Watu wote wanapita mbele ya macho yake kama vivuli, na kila mmoja anapimwa kwa kadiri anavyoigusa shida ya Landu mwenyewe. Siku padre alipoondoka parokiani, wale Wakristu wake waliamka asubuhi wakafanya nini? Nani aliwazika wafu wao? Katekista wa kijiji aliwaambia nini watoto? Kitabu hakiwapi sauti. Na yule mwanamke aliyemwoa baadaye, naye anakuwa kituo kimoja tu katika safari ya mume wake. Padre wa kitabuni anatafuta ukweli, na gharama inalipwa na mtu mwingine ambaye hakuulizwa.

Msomaji atasema: basi, hivyo ndivyo watu walivyo, na mtunga hadithi ana haki ya kuonyesha watu walivyo. Ni kweli. Hata Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu wa kaskazini, alifanya jambo linalofanana na hilo. Alikaa miaka mingi na mwanamke mmoja, akazaa naye mtoto, Adeodatus. Ulipokaribia wakati wa kuongoka kwake, mwanamke huyo alirudishwa Afrika, na katika kitabu cha Maungamo jina lake halimo. Lakini tazameni tofauti. Augustino anakiri mbele ya Mungu kwamba moyo wake ulijeruhiwa ukatoka damu kwa kuachana naye, na mwanamke huyo anabaki mbele ya msomaji kama deni lisilolipwa. Tena Augustino hatafuti peke yake. Yupo Monika mama yake, yupo Alipio rafiki yake, yupo Askofu Ambrosio wa Milano, yupo na yule mtoto Adeodatus aliyebatizwa pamoja na baba yake usiku wa Pasaka ya mwaka 387. Shida zake zilikuwa kubwa: miaka kama tisa alikuwa katika mafundisho ya Wamani, akayaona kuwa matupu, kisha akakaa katika mashaka asijue pa kwenda. Lakini ukikifunga kitabu chake unawakumbuka watu wengi. Ukikifunga kitabu cha Mudimbe unamkumbuka mtu mmoja.

Twadhani hapo ndipo palipo ugonjwa wa Landu, nao wapita hata shida yake na wakubwa wa Kanisa au na waasi. Alitaka awe safi, asiwe na hatia ya upande wowote, na mtu atakaye usafi wa namna hiyo hawezi kukaa na watu, kwa sababu watu wana matope. Hatujui kama Mudimbe alitaka tumhukumu hivyo. Mwisho wa kitabu aliuacha wazi. Wako wasomaji wanaoiona ile monasteri kuwa ni kurudi nyumbani, kama yule mwana mpotevu wa Injili. Wako wengine wanaoiona kuwa ni kukimbia mara nyingine. Sisi twasema kwamba aliyerudi kweli hupokewa na mtu, na katika kurasa zile za mwisho hatuoni mtu anayempokea Landu. Twaona mtu aliyechoka. Uchovu si amani, ingawa kwa nje hufanana nayo.

Sasa twende Fizi.

Mwaka 1964 haukuwa hadithi katika nchi hii. Maasi ya Simba yaliushika Uvira tangu mwezi wa Mei. Wamisionari Wasaveri walikuwa wamefika katika nchi hii mwaka 1958 tu, na jimbo la Uvira lilikuwa limeundwa mwaka 1962, likiwa na Askofu wake wa kwanza Danilo Catarzi. Tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka Stanleyville, na hasira ikaenea katika nchi iliyokuwa mikononi mwa waasi. Siku nne baadaye, tarehe 28 Novemba, Bruda Vittorio Faccin alipigwa risasi Baraka. Padre Luigi Carrara alikuwa kanisani akiungamisha. Alipotoka na kuamriwa apande gari, alikwenda akapiga magoti karibu na maiti ya ndugu yake, akachagua kufa hapo pamoja naye. Siku ile ile wauaji wakapanda hadi Fizi, wakawaua Padre Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert. Wale Waitaliani watatu hakuna aliyekuwa ametimiza hata miaka 35. Abbé Joubert alikuwa na miaka 56.

Yeye ndiye tunayetaka kumweka karibu na Pierre Landu. Albert Joubert alizaliwa mwaka 1908 kwenye pwani ya ziwa letu, upande wa kusini. Baba yake alikuwa Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, akaja Tanganyika mwaka 1880 kuwalinda watu wasikamatwe utumwani. Mama yake alikuwa Agnes Atakaye, mwanamke wa nchi hii. Alipata upadre mwaka 1935. Fikirini basi: mtu mwenye damu ya pande mbili, katika nchi ya ukoloni iliyowagawa watu kwa rangi, kisha katika nchi iliyopata uhuru ikaanza kuuliza kila mtu ni wa nani. Kama kulikuwa na mtu aliyekaa kati ya maji, alikuwa ni yeye. Maswali ya Landu juu ya wazungu na weusi, wenye nguvu na wanyonge, Kanisa na nchi, Abbé Joubert hakuhitaji kwenda Roma kuyasoma. Alizaliwa nayo. Lakini siku ya hatari alikutwa katika nyumba ya mapadre ya Fizi pamoja na mwenzake.

Je, hakuwa na hofu? Hakuwa na mashaka? Hakuna usiku aliomwuliza Mungu yuko wapi? Hapa twafika kwenye aibu iliyo kinyume cha ile ya Mudimbe, nayo ni ya vijitabu vingi vya maisha ya watakatifu, na ya michezo mingi ya kuigiza ionyeshwayo parokiani. Mudimbe anatupa usiku usio na asubuhi, na vijitabu hivyo vinatupa asubuhi isiyotanguliwa na usiku. Shahidi anazaliwa mwema, anasali tangu utoto, anacheka mbele ya bunduki, anaingia mbinguni. Hofu imefutwa, na machozi hayamo. Msomaji anafunga kijitabu akisema: watu hawa ni wa namna nyingine, mimi si kama wao. Hiyo ni hasara kubwa, maana Kanisa linatupa Wenye Heri ili tuwafuate, wala si ili tuwatazame kwa mbali kama picha ukutani.

Jambo hili limekwisha kutokea kwa mtakatifu mkubwa. Teresia wa Mtoto Yesu, ambaye Papa Pio XI alimweka mwaka 1927 awe msimamizi wa misioni, alifariki tarehe 30 Septemba 1897 akiwa na miaka 24. Mwaka mmoja baadaye maandishi yake yakapigwa chapa. Lakini dada yake, mtawa katika monasteri ile ile, alikuwa ameyapitia kwa kalamu, akayasahihisha katika mahali maelfu, akilainisha na kupamba. Alifanya hivyo kwa upendo, na Teresia mwenyewe alimpa ruhusa. Hata hivyo ilikuwa mwaka 1956 tu ndipo maandishi yake yalipochapwa jinsi alivyoyaandika kwa mkono wake. Ndipo watu wakaona vizuri zaidi kwamba tangu Pasaka ya mwaka 1896 hadi kufa kwake msichana huyu aliishi gizani, akijaribiwa vikali juu ya mbingu, kama ipo au haipo, akaendelea kusali na kuwapenda wenzake katika giza lile. Je, utakatifu wake ulipungua? Uliongezeka. Ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 2007, zilipochapwa barua za Mama Teresa wa Kalkuta, ikajulikana kwamba mwanamke yule aliyewafuta jasho wanaokufa alikaa karibu miaka hamsini bila kusikia utamu wowote wa sala. Wengine walisema: kumbe hakuamini. Lakini wagonjwa aliowaosha hawakusema hivyo.

Kwa nini twayasema haya kwa urefu? Kwa sababu yanawahusu watu tunaowajua. Zamani Mapadre Weupe, kwa agizo la Kardinali Lavigerie, waliwafundisha wakatekumeni muda wa miaka minne kabla ya ubatizo. Watu walinung'unika, lakini miaka minne ilitosha kumfundisha mtu kwamba imani ina masika na kiangazi. Leo kila mtaa una mahubiri yanayoahidi kuamka kwa usiku mmoja: njoo leo, lia, anguka, simama, umekuwa mpya. Hatusemi kwamba Mungu hawezi kumgeuza mtu kwa usiku mmoja. Alimgeuza Paulo njiani. Lakini hata Paulo alikaa siku tatu kipofu, asile wala asinywe, na siku hizo tatu hazihubiriwi.

Basi, mtu anaamka kwa kishindo, na baada ya miezi sita moyo unakauka. Au msiba unakuja. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika hapa mjini ukachukua nyumba na watu, na maelfu wakabaki bila paa. Vita vimepita katika bonde na milimani tangu 1996, vikarudi, vikapita tena. Mama aliyepoteza mtoto anakuja kwenye mafundisho, anasema: ninasali, na ni kama kusema na ukuta. Tumjibu nini? Tukimpa kijitabu cha shahidi anayecheka, ataona kwamba yeye ameshindwa. Tukimpa kitabu cha Mudimbe peke yake, ataona kwamba hakuna wa kumpokea. Anahitaji kujua kwamba ukavu wa moyo umo ndani ya njia, kwamba watakatifu waliupita, na kwamba hakuupita hata mmoja wao peke yake. Wavuvi wetu wanajua kwamba ndagala hawavuliwi wakati wa mbalamwezi. Usiku mweusi ndio wanaotoka na taa zao, nao hutoka wengi pamoja.

Kwa hiyo jibu letu kwa vijana ni hili. Kitabu cha Entre les eaux Mkristu mtu mzima aweza kukisoma, tena kwa faida. Kisipewe watoto, kwa maana hawana bado maswali ambayo kitabu kinayasumbua. Asikisome mtu peke yake katika siku za huzuni kubwa. Wasome wawili au watatu, kisha wazungumze, na kama yuko padre au mtawa mwenye masikio, wamwalike. Wajiulize: Landu angefanya nini kama angekuwa na rafiki mmoja wa kumwambia kweli? Nani katika parokia yetu yuko leo katika hali ya Landu, na nani amemtembelea? Baada ya hapo wasome habari za wale wanne wa Baraka na Fizi, na wasiwasome kama watu wasio na damu mwilini. Wamtazame Carrara akipiga magoti kwenye vumbi karibu na maiti. Yeye hakutafuta kuwa safi peke yake. Alimtafuta ndugu yake, na katika kumtafuta alimkuta Bwana wake.

Kwa wazee wetu tuna ombi. Watoto waliokuwa na miaka minane au kumi siku ile ya Novemba 1964 leo wana umri wa karibu miaka sabini au zaidi, na kila mwaka tunawazika wengine. Wapo ambao waliwajua mapadre hao, waliowapikia, waliowafundisha Kiswahili, waliotumikia Misa zao. Wanajua mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote: Abbé Joubert aliongeaje, alikasirishwa na nini, alionekanaje katika zile wiki za mwisho watu walipoanza kukimbia. Tunawaomba makatekista wa Baraka, wa Fizi na wa vijiji vya pwani waende kwa wazee hao na daftari, wakaandike yale wanayoambiwa, katika lugha ile ile wanayoambiwa. Wakisikia kwamba padre aliogopa, waandike kwamba aliogopa. Wakisikia kwamba alinyamaza siku nzima, waandike hivyo. Wasipambe kitu. Kisha walete madaftari hayo kwa paroko wao, ayaweke pamoja na vitabu vya ubatizo.